Tutanunuaje na kula Florence kama wenyeji bila kulanguliwa?

*"Asalaam alaykum. Mume wangu ana semina Florence mwezi Oktoba, nami nitaongozana naye. Sisi ni watu wa Tanga, hatujawahi kufika Italia. Dada mmoja tunayesali naye aliporudi huko alisema wageni wanabambikwa bei waziwazi: walikaa wakanywa kahawa mbili karibu na kanisa kuu, wakaletewa bili ya yuro 11, na mgahawani wakatozwa hela ya 'coperto' ambayo hawakuiagiza. Amenishauri nikatae coperto na kila kitu nipatane hadi nusu bei, kama Kariakoo. Nataka mkoba mmoja wa ngozi wa maana na viatu vya mume wangu, na tungependa kula wanachokula wenyeji, ila hatuli nguruwe wala chenye pombe. Halafu mimi nina kisukari, natumia vidonge. Tufanyeje?"*

Wa alaykum salaam, dada. Swali lako lina mambo mengi, lakini naona chini yake kuna hofu moja: kwamba Florence kuna bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na kwamba mtu akishakuona tu sura anakuongezea. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika mji huu, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, na hofu hiyo nakutana nayo kila msimu. Walanguzi wapo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya hela anayopoteza mgeni hapa haiibiwi. Anailipa mwenyewe, kwa bei iliyobandikwa ukutani, kwa sababu amekaa mahali ambapo mwenyeji hakai, amekula saa ambayo mwenyeji hali, au ameagiza kwa kipimo asichokijua. Ukishika mahali, saa na kipimo, nusu ya wasiwasi wako umekwisha.

Tuanze na ile kahawa ya yuro 11. Baa ya huku isikutishe, ni mahali pa kahawa na vitafunio. Asubuhi utakuta bibi na mjukuu wake wa shule wamesimama kaunta. Kinywaji kilekile kina bei mbili, zote halali kisheria: *al banco*, ukinywa umesimama, na *al tavolo*, ukiletewa mezani. Espreso ya kusimama ni kama yuro 1 na senti 20 hadi 1 na nusu. Ukikaa kwenye meza za nje pale kwenye uwanja wa Piazza della Signoria au mbele ya Duomo, lile kanisa kuu, unalipia pia kiti, mhudumu, na eneo la wazi ambalo mwenye baa analilipia manispaa. Mwenyeji anaingia, anakunywa kwa dakika mbili, anaondoka. Si kwamba ana bei ya siri. Hakukaa tu.

Na sheria inamlinda mteja kuliko mnavyodhani: bei lazima ziwe zimebandikwa zinapoonekana. Mwaka 2022 baa moja ya hapahapa Florence ilitozwa faini ya yuro 1,000 baada ya mteja aliyelipa yuro 2 kwa espreso kuwaita polisi. Kosa halikuwa zile yuro 2. Kosa ni kwamba bei haikuwa imebandikwa. Kwa hiyo kabla hujavuta kiti, tazama ukutani au fungua menyu. Mkiwa mmechoka na mnataka kukaa mtazame watu, kaeni kwa amani, mkijua mnalipia nini.

Kuhusu coperto, huyo dada amekosea, na ukifuata ushauri wake utaingia ugomvi usio na faida. Ni ada ya kila kichwa kwa mkate, kitambaa cha meza na vyombo, kwa kawaida kati ya yuro 1 na nusu na 3. Muitalia analipa, mgeni analipa. Huwezi kuikataa kwa kusema hukula mkate. Nadhani mkanganyiko unatokana na Roma: mkoa wake wa Lazio uliipiga marufuku mwaka 2006, na aliyepitia huko anaweza kukuapia kwamba marufuku hiyo ni ya Italia nzima. Florence iko mkoa wa Toscana, na hapa inaruhusiwa mradi imeandikwa kwenye menyu. Isipoandikwa, hapo una haki ya kuikataa. Angalia pia kama kuna neno *servizio*. Hiyo ni asilimia ya huduma, na ikiwepo huna deni lingine la bakshishi. Isipokuwepo pia si lazima. Wenyeji huacha sarafu moja mbili wakiridhika, basi.

Kipimo ndicho kinachowaumiza watu zaidi ya coperto. Kwenye menyu utaona bei ya samaki au ya nyama ikionekana nafuu ajabu, kando yake imeandikwa *all'etto*. Etto ni gramu 100. Samaki wa yuro 6 kwa etto, akija na gramu 700, ni yuro 42. Bistecca alla fiorentina, ile steki kubwa yenye mfupa, huuzwa kwa kilo, na kipande kimoja aghalabu hufika kilo nzima au kupita. Ni chakula cha watu wawili au watatu, na huja ndani ikiwa bado nyekundu. Kabla ya kukubali, mwambie mhudumu akuonyeshe kipande na akutajie uzito. Hilo si utovu wa adabu, wenyeji wanafanya. Na ukiona kinyota kando ya jina la chakula, soma chini ya ukurasa: mara nyingi maana yake kiliingia jikoni kikiwa kimegandishwa.

Sasa saa. Chakula cha mchana hapa ni kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu, cha usiku huanza saa moja na nusu. Katikati ya hapo majiko ya maana yamefungwa. Mgeni anatoka makumbusho ya Uffizi saa kumi jioni, njaa inamuuma, na kilicho wazi ni ile migahawa yenye picha za vyakula nje na kijana mlangoni anayekuita kwa lugha tano. Hapo ndipo pasta ya kupashwa moto inapouzwa kwa bei ya karamu. Ukila mchana kwa saa yao, kwenye trattoria, mgahawa mdogo wa kienyeji, inayojaa mafundi na watu wa ofisini, utakuta menyu fupi ya siku iliyoandikwa kwa mkono, na chakula cha heri kwa bei ya heri. Vukeni mto Arno mwende upande wa Oltrarno, mitaa ya San Frediano na Santo Spirito, au kaeni karibu na soko la Sant'Ambrogio.

Hilo soko ningependa mlione mapema kuliko kanisa lolote. Lilifunguliwa 1873 na lilisanifiwa na Giuseppe Mengoni, msanifu yuleyule wa soko kubwa la San Lorenzo lililofunguliwa mwaka uliofuata, lakini San Lorenzo leo nusu yake ni watalii na ghorofa ya juu imekuwa kumbi za kulia tangu 2014. Sant'Ambrogio bado ni soko la kina mama wa mtaani. Nje kuna mboga, matunda na nguo. Ndani nyama, jibini, samaki. Hufunguliwa asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kufikia saa nane mchana wengi wanafunga.

Ukifika kwenye meza ya mboga, usishike. Najua kwetu bila kuminya nyanya hujanunua nyanya, lakini hapa muuzaji ndiye anayechagua, na mgeni anayeminya hupata jibu kavu, kisha hudhani ni ubaguzi. Salimia kwanza, *buongiorno*, halafu sema unazitaka za nini: za kula leo au za keshokutwa, za saladi au za mchuzi. Ukimwambia hivyo atakuchagulia vizuri kuliko ungechagua mwenyewe, maana anajua zipi zimeiva ubavu wa chini. Kwenye jibini, omba *due etti*, gramu 200, na usione haya kuomba kuonja. Penye watu wengi tafuta kimashine cha namba, chukua karatasi yako, subiri iitwe. Bei ya mboga hapa haipatanwi. Usijaribu.

Ndani ya soko na kwenye vibanda vya mitaani kuna kitu kitakachowashangaza watu wa Tanga: lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa taratibu na nyanya, kitunguu na seleri hadi likalainika. Muuzaji hulitoa kwenye supu inayofuka, hulikatakata kwenye ubao kwa kisu kipana, hulitia chumvi na pilipili manga, kisha huchukua nusu ya juu ya mkate na kuichovya kwenye supu kabla ya kufunika. Juu yake huweka mchuzi wa kijani wa majani na, ukitaka, wa pilipili. Mtu anayependa utumbo atajisikia nyumbani. Lakini kwa upande wenu kuna suala la uchinjaji.

Kwa hiyo niseme wazi. Nyama ya kawaida ya Florence, hata ya ng'ombe, haikuchinjwa na Muislamu. Masheikh wana mitazamo tofauti kuhusu chakula cha Ahlul-Kitab. Mimi si mwanachuoni, muulize sheikh wako kabla ya safari ili usiwe unaamua na njaa. Mkitaka halali bila shaka, tafuteni bucha na migahawa ya Wapakistani, Wabangladeshi na Waarabu katika mitaa ya karibu na stesheni ya Santa Maria Novella, na Ijumaa msikitini waulizeni waumini wenyewe wananunua wapi. Watu wa msikitini watawapa jibu la wiki hii, ambalo mimi siwezi kuwapa.

Kwa wanaokwepa nguruwe na pombe, hatari haiko kwenye kipande cha nyama kinachoonekana. Iko kwenye vilivyojificha. Ragù, mchuzi wa nyama wa pasta, mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na humwagiwa divai. Maharage *all'uccelletto* ni ya nyanya na majani ya seji, lakini pengine hupikwa na soseji. Mkate bapa wa schiacciata kwa kawaida ni wa mafuta ya zeituni, ila wapo wanaotia *strutto*, yaani mafuta ya nguruwe. Risotto, wali wa Kiitalia, karibu kila mara imetiwa divai. Peposo ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa ndani ya divai nyekundu. Tiramisù, kitamutamu cha baada ya mlo, mara nyingi ina divai ya marsala au ramu. Semeni *senza maiale, senza vino*, bila nguruwe, bila divai, na kwa mkate ulizeni *c'è strutto?* Hawatashangaa, wamezoea.

Na mtakula vizuri. Pappa al pomodoro ni mkate mkavu uliopikwa na nyanya, kitunguu saumu na basili hadi ukawa kama uji mzito. Ribollita ni mkate, maharage meupe na kabichi nyeusi ya Toscana; ulizeni tu kama supu yake imetiwa mfupa wa nguruwe. Oktoba ni mwanzo wa kabichi hiyo na wa uyoga wa porcini. Trattoria za zamani hupika baccalà, samaki wa chumvi, siku ya Ijumaa, na ule wa *alla livornese* ni wa nyanya, ulizeni divai. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Hawajasahau, ndivyo ulivyo, na ukiula na jibini la kondoo la pecorino utaona sababu. Askrimu nunueni penye rangi tulivu: pistachio ya kweli ni ya kijani iliyofifia kuelekea hudhurungi, na ile iliyorundikwa kama mlima, inayong'aa, imejazwa hewa na rangi.

Jambo dogo la mtaani: mwaka 2018 manispaa ilipiga marufuku kusimama na kula saa za msongamano katika baadhi ya mitaa ya karibu na Uffizi, ikiwemo Via de' Neri, na faini ilianzia yuro 150. Sheria za namna hiyo hubadilika, kwa hiyo ukinunua mkate wako, tembea nao hadi kwenye benchi. Maji ya bomba ni salama. Karibu na chemchemi ya Neptune, Piazza della Signoria, kuna bomba la umma; beba chupa.

Tuje kwenye mkoba. Hapa ndipo natamani ungekuwa na mimi ili nikuwekee vipande viwili vya ngozi mkononi, kwa sababu hela yako nyingi itakwenda hapa. Maandishi *vera pelle* yanakuambia kitu kimoja tu: ni ngozi ya mnyama. Hayakuambii ni tabaka gani la ngozi. Ngozi ya ng'ombe hupasuliwa kwa unene. Tabaka la juu ndilo lenye nguvu na vinyweleo vyake vya asili, la chini ni laini, dhaifu, na huweza kupakwa plastiki na kugongwa chapa likafanana na la juu. Fungua zipu, tafuta ukingo ambao haukupakwa rangi, na utazame nyuzi. Bonyeza kwa kidole gumba: tabaka la juu hukunjamana vikunyanzi vidogo kisha hurudi, lililopakwa hujikunja kama karatasi ya nailoni. Vinyweleo vikiwa vimepangika sawasawa mkoba mzima, hiyo ni chapa ya mashine.

Halafu kuna usindikaji. Ngozi nyingi duniani husindikwa kwa kromiamu: kazi ya haraka, ngozi inatoka laini na inastahimili maji. Si mbaya. Lakini Toscana, hasa Santa Croce sull'Arno kati ya Florence na Pisa, wanaendeleza usindikaji wa magome na miti, wa wiki kadhaa, kwa utomvu wa chestnati, kebracho na miwati. Miwati hii ni ileile inayopandwa Njombe na kukamuliwa dawa ya kusindikia ngozi. Ngozi ya namna hiyo hunukia mti, huanza ngumu kidogo, na kadiri unavyoishika inazidi kukolea rangi. Watengenezaji wana umoja wao, na mkoba uliotengenezwa kwa ngozi yao huja na kadi ya dhamana yenye namba yake. Uliza *conciata al vegetale*. Mkoba wako wa maana ningetaka uwe huo, hata kama utakuwa mdogo kuliko ulivyopanga.

Pa kujifunzia macho ni Scuola del Cuoio, nyuma ya kanisa la Santa Croce, shule iliyoanzishwa 1950 na mapadri Wafransisko pamoja na familia za mafundi ili kuwafundisha kazi yatima wa vita. Unaingia, unawaona mafundi wakikata na kushona. Si rahisi bei, lakini ukishaona mshono mzuri huko, mtaani hakuna atakayekudanganya. Kwa viatu vya mzee, tazama lebo yenye vialama: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi, umbo la almasi peke yake ni malighafi nyingine, yaani si ngozi. Na ukitafuta duka kwa anwani, kumbuka Florence ina namba za aina mbili: za maduka zina herufi *r* mwishoni, na 12r yaweza kuwa mbali na 12.

Kupatana bei kuna mahali pake. Kwenye duka lenye bei iliyobandikwa, ukiomba nusu bei utaonekana umemtukana. Ukichukua vitu viwili unaweza kuuliza kwa upole *c'è uno sconto?* na pengine upate asilimia 10. Kwenye vibanda vya ngozi vya San Lorenzo nafasi ni kubwa zaidi, lakini muuzaji akishuka kutoka 180 hadi 60 kwa dakika moja, hujashinda wewe. Ile 180 haikuwa bei. Punguzo la msimu ni mapema Januari na mapema Julai, Oktoba hamtalikuta. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dola au yuro, chagua yuro, vinginevyo utabadilishiwa fedha kwa kiwango kibaya.

Mtawakuta pia wamachinga wenye mikoba na mikanda ya majina makubwa. Wengi ni vijana wa Afrika, hasa Wasenegali, na roho itakuuma. Wasalimie, zungumza nao, lakini bidhaa bandia usinunue: sheria ya Italia inamwadhibu mnunuzi pia, na faini inaweza kufika yuro 7,000.

Mkinunua kwa zaidi ya yuro 70 kwenye duka moja, mnaweza kudai sehemu ya kodi, kiwango kilichoshushwa hadi hapo tangu Februari 2024. Beba pasipoti, omba fomu ya *tax free*, na uwanjani muulize forodha kabla hujakabidhi begi.

Nimebakiza kisukari, na hapa ushauri wangu haumalizi kazi. Mwone daktari wako Tanga kabla ya safari, umwambie chakula cha usiku huku hakianzi kabla ya saa moja na nusu. Baadhi ya vidonge hushusha sukari mlo ukichelewa, vingine sivyo, na yeye ndiye anayejua vyako ni vipi. Mwombe karatasi yenye majina ya kitaalamu ya dawa, si ya kibiashara tu. Beba dawa kwenye mkoba wa mkononi na usitembee bila kitu cha kutafuna. Ukijisikia kutetemeka au kutoka jasho la ghafla, ingia baa yoyote; vipakiti vya sukari huwa vipo kaunta. Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na mfamasia huku ni mtu wa kuulizwa. Hali ikizidi, pigeni 112.

Namba hiyohiyo itumieni mkiibiwa au bili ikigeuka vitisho. Kwa bili iliyozidi tu, omba *scontrino*, risiti, ilinganishe na menyu, na ueleze kosa taratibu ukionyesha mstari. Mara nyingi hurekebishwa hapohapo. Isiporekebishwa, piga picha ya menyu na risiti, lipa, kisha upeleke malalamiko kwa polisi wa manispaa, Polizia Municipale, wao ndio wanaokagua bei.